Dawa Mpya ya Kansa: Usiinunue, Uliza

Pengine umesikia watu wakisema hapa Kisangani: "Kuna dawa mpya ya kansa, mwenye franga ataipata." Usiamini neno hili. Dawa ambayo ingali inajaribiwa haiuzwi sokoni.

Tazama jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mganga Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Kisu hakikuuweza. Basi katika miaka ya 1960 waganga wa huko walijaribu dawa mpya, kama methotreksati na siklofosfamidi, na kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka. Mwaka 1967 Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa, nayo inafanya kazi hata leo. Dawa hizo si za kujaribiwa tena. Ni za kawaida.

Njia ya kufuata ni hii. Kwanza, mganga akate kipande kidogo cha uvimbe, kitazamwe kwa darubini, ili ugonjwa ujulikane. Pili, mwulize: "Je, iko dawa iliyokwisha kuthibitishwa?" Kama iko, ipokee hiyo kwanza. Tatu, kama haiko, au imeshindwa, uliza ni hospitali gani inayojaribu dawa mpya ya ugonjwa huo. Huko watakupima kama unafaa. Si kila mgonjwa anayekubaliwa.

Wanaojaribu dawa wana sheria. Kanuni za waganga wa dunia, zilizoandikwa Helsinki mwaka 1964 na kurekebishwa mara nyingi, zinaagiza mgonjwa aelezwe faida na hatari, akubali bila kulazimishwa, na awe huru kuacha wakati wo wote. Mtu akikudai franga ili aandike jina lako, au akikasirikia maswali yako, ondoka kwake.

Tena nasema: si haki dawa ijaribiwe katika miili ya maskini, kisha iponye matajiri peke yao. Kabla ya kutia kidole katika wino, uliza: "Dawa hii ikifaa, sisi tutaipata?" Kuuliza hivyo si kukosa adabu.

Lakini usikawie. Uvimbe ule wa taya huweza kukua maradufu kwa siku chache tu. Mzazi, usipoteze hata juma moja kwa mchuuzi wa vidonge. Mlete mtoto leo, angali anaweza kumeza uji.