Timu za Wageni Si Kliniki ya Mtoto

Mwandishi aliyedai kwamba madaktari wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani ndio jibu la uhaba wa huduma za watoto wachanga vijijini Tanzania ameisahau kadi ya kliniki. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Mtoto wa kilo saba huenda anapanda vizuri, au ameporomoka kutoka nane. Bila alama za miezi iliyopita kwenye chati ya kadi hiyo, hata daktari bingwa atabahatisha. Chanjo nazo zina ratiba: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9 na 18. Mgeni wa wiki mbili atafuatilia ipi?

Ujuzi wa madaktari hao siukatai. Anayegundua kasoro ya moyo kwa kichanga anaweza kuokoa maisha. Lakini rufaa ya mtoto huyo ataisimamia nani ndege ikishaondoka? Ni muuguzi wa zahanati, yule yule anayening'iniza mizani kwenye boriti na kuhudumia foleni nzima ya akina mama peke yake. Basi wanaokuja wapitie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, wafanye kazi chini ya muuguzi huyo, na kila walichokiona wakiandike kwenye kadi ya mtoto, si kwenye madaftari watakayoondoka nayo.