Kelele za bwawani huanzia kwenye mtaro usiochimbwa

Watu wa Nchelenge, Zambia, wakilalamikia muziki wa nyumba za wageni, husema wenye nyumba hizo hawana adabu. Mimi nimekula ugali wa kuvuta waya tangu ujana wangu, Sumbawanga kwanza, kisha huku Kashikishi nilikooa, na nasema kosa lao ni jingine: hawakuchimba mtaro.

Nieleze. Mtu anajenga nyumba ya wageni ukingoni mwa Ziwa Mweru. Anaweka bwawa la kuogelea, maana wageni wengi wanapenda kulitazama ziwa ila kuingia humo hawataki, wakiogopa mamba na kichocho. Bwawa likiisha, anapanga vitofali vya pevingi kulizunguka, anafagia mchanga kwenye nafasi zake, anapiga picha. Wiki ya ufunguzi inapokaribia ndipo anakumbuka muziki. Fundi anaitwa. Fundi afanye nini? Chini hakuna paipu hata moja. Kupitisha waya juu ya pevingi ni kumtegea mtoto mwenye miguu iliyolowa. Basi linaletwa boksi moja kubwa, refu kama mtoto wa darasa la nne, linasimamishwa barazani karibu na soketi, na kwa kuwa baraza inatazama ziwa, nalo linatazama ziwa.

Fuatilia hesabu yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Mgeni mmoja ameketi mita 2 kutoka kwenye boksi, mwingine yuko mita 16, ng'ambo ya bwawa. Kati yao kuna tofauti ya desibeli 18. Huyu wa mbali akitaka desibeli 70, kiasi cha kusikia wimbo vizuri huku anaongea, wa karibu anabeba 88. Viwandani, desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiwango ambacho kikifikiwa wataalamu wa afya ya kazi wanaanza kudai watu wavae vizibo vya masikio. Na huyu amekuja kupumzika na kula samaki.

Boksi halijui kwamba bwawa limeishia pale. Sauti inavuka ukuta, inavuka matete, inaingia ziwani. Nchi kavu kuna nyasi, mihogo, miembe na kuta za kuipunguza. Maji yaliyotulia hayaimezi, yanairudisha juu na kuipeleka mbele. Usiku upepo ukilala ndiyo kabisa. Na usiku ndio wakati wa kazi huku kwetu. Wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, hutoka na taa gizani, na huko majini wanaitana kwa midomo: nani avute wavu, mtumbwi upi unakuja, upepo umegeukia wapi. Mama mmoja anayenunua chisense kwa debe na kuwavusha kwenda upande wa Pweto, Kongo, aliniambia wavulana wake wanajua nyimbo zote za nyumba fulani ya wageni bila kuwahi kukanyaga mlangoni pake. Alikuwa anacheka. Wavulana wake hawakucheka.

Mpaka wa Zambia na Kongo unapita humo humo ziwani, na visiwa vya Kilwa na Chisenga vina watu wao (Kilwa yetu ni kisiwa, usiichanganye na ile ya Lindi, wala na mji wa Kilwa ulio ng'ambo upande wa Kongo). Mwenye nyumba anadhani anapigia muziki wageni wake kumi na wawili tu.

Sasa tuuchimbe ule mtaro. Siku ambayo mafundi wa pevingi bado wanashindilia udongo, mtu mwenye sururu anatosha. Kina cha nusu mita, kuzunguka eneo lote, paipu ngumu ya plastiki ndani yake, kamba ya nailoni ikiachwa humo ya kuvutia waya baadaye. Hapo badala ya boksi moja unaweka spika sita ndogo, kila mgeni akiwa na yake mita mbili au tatu hivi. Kila moja inapiga polepole. Hakuna anayepigiwa kelele na hakuna anayeinua shingo kutafuta wimbo. Na kwa spika zenye ufanisi ule ule, sita hizo zote pamoja zinakula kama sehemu moja ya kumi ya umeme ambao boksi lingekula ili lifike ng'ambo.

Ninapoziweka ndipo penye ubishi na wateja. Wote wanataka spika zitoke nyumbani zielekee ziwani, eti ndiko mandhari ilipo. Mimi nazipeleka upande wa ziwa, nazigeuzia mgongo maji, zitazame bwawa na nyumba. Sauti ikimpita mgeni inakutana na ukuta wa mwenye nyumba mwenyewe. Besi haina mgongo, inaenda kote, kwa hiyo boksi la besi silipeleki ukingoni. Mtu akiling'ang'ania, linakaa chini ya baraza, dogo.

Mteja mmoja, mama mwenye msimamo, alinipokea kwa sharti.

"Fundi, sitaki kuona waya hata mmoja hapa."

"Hutauona, Mama. Ila mimi na atakayenifuata lazima tujue ulipo."

Maana kuna kuficha na kuna kuzika. Waya uliotupwa moja kwa moja chini ya mchanga wa pevingi, bila paipu, umezikwa. Mkoa wetu wa Luapula ni nchi ya vichuguu na mchwa wake hawachagui. Nimefukua waya wa namna hiyo nikakuta ganda limeliwa kwa urefu wa mkono, shaba imegeuka kijani, inakatika kwa vidole. Huku ukingoni maji nayo yako karibu, na mvua zikishiba mtaro wa nusu mita unaweza kulowa kutoka chini. Paipu utakayoilaza, ihesabu kuwa siku moja itajaa maji. Ndani yake usiweke kiungo chochote: waya mmoja mzima kutoka chumba cha amplifaya hadi kwenye spika. Kama lazima uunge, unga ndani ya kisanduku chenye mfuniko unaofunguka, kokoto chini yake maji yapate pa kushukia, na viungo vya jeli. Tepu nyeusi ya dukani ni ya kufungia mpini wa jembe.

Na waya wenyewe! Hapa sokoni, na hata ukiagiza Kitwe au Ndola, utauziwa waya wa spika unaong'aa rangi ya shaba kwa bei ya kufurahisha. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba yenyewe, na unyevu ukiifikia inageuka unga. Kwa njia ya mita 30 mimi nataka shaba tupu ya milimita 2.5 za mraba. Inauma mfukoni siku ya kununua. Lakini waya uko chini ya pevingi, hutaki kuufuata.

La umeme na maji halina mjadala. Kanuni za kimataifa za IEC hulipa bwawa mipaka: maji yenyewe, kisha mita 2 kutoka ukingoni, kisha mita 1.5 nyingine. Jumla mita 3.5. Mimi amplifaya na soketi za volti 230 siziweki ndani ya duara hilo hata kwa kubembelezwa, na spika nazo naziweka nje yake. Amplifaya inakaa ndani ya nyumba, pakavu, na njia yake ya umeme ina swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja miliampia 30. Ekstensheni iliyolazwa kwenye pevingi zenye maji, na boksi juu ya kiti cha plastiki, nimeiona sehemu zaidi ya moja. Wenye nyumba hao huniambia haijawahi kumdhuru mtu. Siwajibu, naenda kuichomoa.

Kuna wanaosema mgawo wa umeme umetatua jambo hili, hamna umeme hamna kelele. Wangekuwa hapa mwaka 2024. Ukame ulitangazwa janga la taifa mwezi Februari, maji ya bwawa la umeme la Kariba yakapungua mno, tukakaa gizani saa nyingi tukiwa mbele ya ziwa lililojaa. Boksi kubwa halikunyamaza, lilipata jenereta, kwa hiyo tukasikia vyote viwili. Nyumba yenye spika ndogo inaendesha muziki wake kwa betri na inveta ya kawaida mpaka saa nne usiku, kimya kimya, na friji bado ina baridi.

Sijasema watu wasicheze. Rumba ya Kongo ni jirani yetu wa ng'ambo, na Julai wakati wa sherehe ya Mutomboko, chifu Mwata Kazembe akicheza ngoma yake kule Mwansabombwe, nitakuwa wa kwanza kwenda kusimama vumbini. Ngoma ile ina siku yake na uwanja wake. Bwawa la wageni liko kila siku.

Wengine wanataka sheria ije na polisi. Kenya ina kanuni zake za kelele tangu 2009, NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, limewahi kufungia mabaa. Hata hapa malalamiko yana pa kupelekwa. Ila ofisa akija, atamwambia mwenye nyumba apunguze sauti. Atapunguza, wageni wa ng'ambo ya bwawa watalalamika hawasikii, na ofisa akiondoka kitufe kitarudi pale pale. Boksi moja halina namna nyingine ya kuwafikia. Ningependa zaidi halmashauri, inapopitisha ramani ya nyumba ya wageni ukingoni, iulize swali moja kabla ya muhuri: paipu za waya zinapita wapi chini ya pevingi? Karatasi moja yenye mistari inatosha, na nakala yake ibaki kwa mwenye nyumba, maana fundi hufa au huhama.

Kwa waliokwishapanga vitofali vyao na wanaona wamechelewa: pevingi si zege. Ziliwekwa juu ya mchanga ili ziweze kutoka. Ng'oa mstari mmoja ulio mbali na maji, panga vitofali kwa mfuatano wake pembeni, chimba, laza paipu, rudisha, shindilia, fagia mchanga. Vijana wawili na fundi mmoja wanaimaliza kabla ya Jumamosi. Anzieni upande wa jikoni, ndiko chumba kikavu cha amplifaya kilipo.