Seva Ipo, Nayo Ina Mwenyewe

Majuzi mwanafunzi mmoja aliniletea insha yake kuhusu istilahi za tarakilishi. Alikuwa ameandika kwamba siku hizi programu zinaweza kufanya kazi "bila seva". Nilipomuuliza programu hizo huendeshwa na nini basi, alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Na wingu, mwalimu." Sikumlaumu. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la jina alilopokea.

Tuanze na kitu chenyewe. Seva ni tarakilishi inayokesha ikingoja maombi ya watu kupitia mtandao. Hapo awali, aliyetaka kutoa huduma kwenye intaneti alilazimika kuinunua au kuikodi, akaigharimia usiku na mchana, iwe ina kazi au haina. Chukua mfano wa shule inayotaka wazazi waone alama za mitihani kwa simu. Wazazi hubisha hodi kwa wingi siku mbili tatu mwishoni mwa muhula. Siku zilizosalia mashine hukaa bure, ilhali ada yake hailali.

Mnamo Novemba 2014, kampuni ya Amazon ilitangaza huduma iitwayo Lambda, ambayo iligeuza hesabu hiyo. Microsoft na Google zilifuata mwaka wa 2016. Katika mpango huu, mtunzi wa programu huandika kipande kifupi cha maagizo na kutaja tukio litakalokiamsha: picha imepokelewa, fomu imejazwa, saa fulani imetimia. Tukio likitokea, kampuni hutafuta nafasi katika mashine zake, hukiendesha kipande hicho, kisha huitwaa nafasi yake kwa kazi nyingine. Maombi yakija elfu moja kwa mpigo, nakala nyingi huamshwa. Yasipokuja, hakuna malipo ya uendeshaji. Lambda hutoza kwa idadi ya miito, kwa ukubwa wa kumbukumbu iliyotengwa na kwa muda wa kazi, muda ambao tangu Desemba 2020 huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Faida hii si haba, wala sikusudii kuibeza. Kijana asiye na mtaji anaweza kuanzisha huduma leo pasipo kununua mashine hata moja. Lakini je, seva imekwenda wapi? Haikwenda popote. Anayekula hotelini haoni jiko wala moshi, ila hawezi kudai kwamba wali ulijipika. Ameondolewa kazi ya kukoka moto tu. Jiko lipo, na mwenye jiko ndiye apangaye bei, saa na masharti. Mwito mmoja wa Lambda hauruhusiwi kuzidi dakika 15. Kipande ambacho hakijaitwa kwa muda huhitaji kutayarishwa upya, na mwombaji wa kwanza hukawia kupata jibu. Programu iliyofumwa kwa matukio ya kampuni moja haihamii kwingine kwa urahisi. Wahenga walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Jina linalosema kwamba seva haipo humnyima mwanafunzi maswali anayopaswa kuyauliza. Mashine hiyo iko nchi gani? Ni ya nani? Majina na alama za watoto wetu zinalindwa na sheria ipi? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka masharti kuhusu data inayopelekwa nje ya nchi. Nani ataikumbuka ikiwa amekwisha kuamini kwamba hakuna mashine, hakuna mahali, hakuna mwenyewe?

Kwa hivyo tuache kutafsiri jina, tutafsiri kitu. Kiswahili hakikosi akiba. Katika nyimbo zetu, kiongozi huanza, wenzake huitikia, kisha hunyamaza wakingoja zamu nyingine. Sehemu yao huitwa kiitikio. Napendekeza kipande cha programu kinachoamshwa na tukio nacho kiitwe kiitikio, na huduma nzima iitwe huduma ya viitikio. Neno hili halidanganyi: penye kiitikio pana mwito, na pana waitikiaji, hata wakiwa kimya.

Wapo watakaosema kwamba kuunda istilahi ni kazi ya kamati, na kwamba hata "tarakilishi" lingali likishindana na "kompyuta". Ni kweli, na ndiyo sababu walimu hawana budi kuanza sasa. Neno lisilotumiwa darasani hufia katika orodha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tarakilishi na wakae meza moja, wayapime majina haya kabla hayajaota mizizi vichwani mwa wanafunzi.

Nami nimemrudishia mwanafunzi wangu insha yake aiandike upya, akianza na swali moja: ni seva ya nani?