UKURASA WA AFYA NA MAZOEZI: Saa ya Mwanamichezo, Tuchague Ipi?



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tulisimamishwa na mama mmoja wa jumuiya yetu nje ya kituo cha reli cha Queensbury. Kijana wake wa miaka 19 ameingia katika mazoezi ya traiathloni, yaani shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo bila ya kupumzika. Sasa anaomba anunuliwe saa ya mkononi yenye kuhesabu mapigo ya moyo na kupima masafa kwa setilaiti. Bei ya saa aliyoichagua ni sawa na fedha ambazo mama huyo humpelekea mzazi wake Tanga kwa miezi mitatu. "Nimkatalie mtoto, au nimwambie bibi yake asubiri?" akatuuliza. Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tumelitafuta, na kwa kuwa wazazi wengine nao watakutana na swali hili, tunalijibu hapa.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Traiathloni iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, na masafa yake ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Wakazi wa London wataikumbuka Olimpiki ya mwaka 2012, iliyotukuta katika mfungo wa Ramadhani. Tarehe 4 Agosti wanawake walishindana katika bustani ya Hyde Park, wakaanza kwa kuogelea katika ziwa la Serpentine. Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Uswidi walifika mwisho kwa muda mmoja, wa saa 1, dakika 59 na sekunde 48, hata ikabidi picha ya mstari wa mwisho itazamwe ndipo Spirig akapewa ushindi. Anayeanza hahitaji kuyakabili masafa hayo. Yapo mashindano ya nusu yake: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na 5 kwa miguu.

Ama saa yenyewe, ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kupima masafa na mwendo kwa mfumo wa GPS. Mfumo huo ni wa serikali ya Marekani, una setilaiti zisizopungua 24 zinazozunguka juu yetu umbali wa kilomita 20,000 na zaidi, na ulikamilika mwaka 1995. Hadi tarehe 2 Mei 2000 raia wa kawaida walipewa ishara iliyopunguzwa usahihi kwa makusudi. Ilipoondolewa kasoro hiyo ndipo saa za wakimbiaji zikawa na maana. Saa hupokea ishara tu, kisha ikakisia mahali ilipo kwa kulinganisha muda uliochukuliwa na kila ishara kufika. Kwa hiyo hutaka mbingu iliyo wazi. Katika majani ya Fryent Country Park itafanya kazi vizuri, lakini katikati ya majengo marefu ya mjini ishara hugonga kuta na saa ikapotea njia. Ndani ya bwawa lenye paa haioni setilaiti kabisa, hivyo huhesabu mizunguko kwa kuhisi mkono unavyogeuka. Ni lazima mwogeleaji aiambie urefu wa bwawa, kwani akikosea hapo, hesabu yote itakuwa ya uongo.

Kazi ya pili ni kuhesabu mapigo ya moyo, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Saa nyingi za siku hizi humulika ngozi ya mkono kwa taa ya kijani. Damu huufyonza mwanga huo, na kwa kila pigo la moyo kiasi cha damu mshipani hubadilika, basi saa ikahesabu mabadiliko hayo. Njia hii ni nyepesi, ila ina udhaifu. Asubuhi ya baridi damu hukimbia kutoka ngozini, na saa ikakosa cha kuhesabu. Anayeshika usukani wa baiskeli hukunja kifundo, saa ikasogea. Ikivaliwa juu ya mkono wa nguo haisomi kitu, kwa hiyo dada zetu waivae chini ya vazi, igusane na ngozi. Wino uliochanjwa mwilini huuzuia mwanga, na bibi harusi aliyekolezwa piko nyeusi hadi kifundoni asishangae saa ikimkorofisha. Tena mara nyingine saa huacha kuhesabu moyo ikahesabu hatua za miguu, ikamwambia mkimbiaji kuwa moyo wake unapiga mara 175 kwa dakika, kumbe hizo ni hatua.

Njia ya zamani ni mkanda wa kifuani, unaosikiliza umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kipimo cha namna hiyo kisichotumia waya, kwa ajili ya wanamichezo, tangu mwaka 1982. Hadi leo mkanda ndio ulio sahihi zaidi mtu anapobadilisha kasi ghafla. Huloweshwa kidogo kabla ya kuvaliwa, na betri yake ndogo hudumu miezi mingi. Majini mawimbi yake ya redio hayafiki mbali, kwa hiyo mwogeleaji atafute mkanda wenye kuhifadhi hesabu, uitoe atakapotoka nje.

Basi achague ipi? Kwa maoni yetu mwanafunzi wa mchezo huu anahitaji mambo manne tu. La kwanza, saa iandikwe kuwa inastahimili maji kwa kiwango cha mita 50. La pili, iwe na mpango wa michezo mingi, ambao kwa kubonyeza kitufe kimoja huhama kutoka kuogelea hadi baiskeli, kisha kukimbia, bila ya kuanza upya. Hilo ndilo linaloitenga na saa ya mkimbiaji wa kawaida. La tatu, iwe na vitufe halisi, kwani kioo cha kugusa hukataa amri ya kidole kilicholowa. La nne, ikubali kuunganishwa na mkanda wa kifuani. Betri ya siku kadhaa, ramani za rangi, nyimbo na kioo cha yakuti ni mapambo. Shindano la masafa ya Olimpiki humchukua mtu wa kawaida kama saa tatu hivi. Betri kubwa inamfaa anayekwenda masafa ya Ironman, ya kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na kukimbia 42.2, na kijana wetu hajafika huko.

Mambo hayo manne hupatikana katika saa iliyotolewa miaka michache nyuma, kwa sehemu ndogo ya bei ya saa mpya ya juu. Ukinunua iliyotumika, ichaji mbele ya muuzaji, ubonyeze kila kitufe, na umtake aiondoe katika akaunti yake, la sivyo huenda ikakataa kukutumikia. Ukinunua mpya kutoka kwa mfanyabiashara kwa njia ya intaneti, sheria ya Uingereza inakupa siku 14 za kubadilisha nia. Ikiwa na kasoro, una siku 30 za kuirudisha na kudai fedha zako zote. Muuzaji wa mtaani asiye mfanyabiashara hafungwi na haki hizo. Na tunausia kwa nguvu: msiingie katika mkopo kwa ajili ya saa. Mikataba mingine ya kulipa kidogo kidogo ina riba waziwazi, na mingine huificha ndani ya faini ya kuchelewa. Someni karatasi yote, na mwenye shaka amuulize mwanachuoni kabla ya kutia sahihi.

Liko pia suala la sitara. Saa haimwambii mtu ulipo. Anayesema ni programu ya simu inayotangaza njia ulizopita. Mwezi Januari 2018 ilibainika kuwa ramani iliyotolewa na programu ya Strava ilikuwa imefichua kambi za kijeshi kwa sababu askari walikimbia humo wakiwa na saa zao. Ikiwa kambi imejulikana, itakuwaje nyumba ya binti anayekimbia kila alfajiri kwa njia ile ile? Nenda katika mpangilio, fanya kumbukumbu ziwe za faragha, na ufiche eneo la nyumbani.

Mwisho, na ndilo kubwa, saa si tabibu. Kanuni ya kutoa umri katika 220 ili kupata kikomo cha mapigo ni makisio tu, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuipita au kuipungukia kwa mapigo 10 au zaidi. Wazee wanaotumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu mioyo yao hupunguzwa mwendo na dawa, hivyo tarakimu ndogo isiwape ushujaa. Anayefunga naye, mwili ukikaukiwa maji, moyo hupanda kwa kazi ile ile ya jana. Hapo apunguze, asishindane na tarakimu. Anayebanwa kifua asitazame mkono wake bali apige 999. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tulirudi kwa mama yetu na jibu hili: kijana asikataliwe, wala bibi asisubirishwe. Atafutiwe saa ya zamani yenye mambo manne, achangie mwenyewe kutokana na kazi yake ya Jumamosi, na mkanda wa kifuani aje kuununua baadaye. Naye akacheka, akasema kuwa hata hivyo kijana bado hajajua kuogelea sawasawa. Hapo tukakumbuka msemo wa wazee wetu: mchagua jembe si mkulima. Aanze bwawani, saa itamkuta huko.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, in sha Allah.