MASTAA NA KIKI ZA KUTEMBELEA WAZEE: SUKARI IMEFIKA, USIKU NANI ANAMGEUZA BIBI?

Staa anayezungumzwa hapa hatajwi jina, na wala si kwa kuogopa kesi. Hatajwi kwa sababu ni wengi. Leo ni msanii wa Bongo Fleva, kesho ni muigizaji wa Bongo Movie, keshokutwa ni yule dada wa mitandaoni ambaye hakuna anayejua hasa anafanya kazi gani. Video ni ileile. Magari matatu yanaingia kwenye makazi ya wazee, fulana zimechapishwa jina la staa kifuani, wimbo wa huzuni unapigwa kwa chini. Zinashushwa sukari, mchele, sabuni za mche na katoni za soda. Bibi mmoja anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, staa anapiga magoti, anamshika mkono, chozi linadondoka. Dakika tatu tu, video imekwisha. Huko chini mashabiki wanamwaga baraka: "Mungu akuzidishie mama", "Una roho nzuri sana mwaya", "Wengine waige".

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama yule bibi ana kisukari.

Swali hilo si la kumchonganisha mtu na mashabiki wake. Kwa watu wa miaka 60 kwenda juu, presha na kisukari ni wenyeji wa nyumba. Kumbebea soda mtu ambaye hujauliza anatumia dawa gani, halafu ukampiga picha akiwa ameishika chupa, hiyo si huduma. Ni bibi wa watu kageuzwa pambo la ukurasa wa mtu. Na mbaya zaidi, video hizo ndizo zimekuwa kipimo cha umma: makazi yakionekana na magunia ya mchele, watu wanalala usingizi wakijua wazee wako salama.

MAKAZI MAZURI YANAJULIKANAJE?

Serikali ina makazi ya wazee katika mikoa kadhaa: Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Njoro Kilimanjaro na mengineyo. Baadhi yalianza kama makazi ya watu waliougua ukoma na kutengwa na ndugu zao. Wanaoishi kwenye makazi ya namna hii wengi ni wazee wasio na mtu, au wenye ulemavu, au waliokimbia maneno ya uchawi kijijini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inasema mzee atunzwe kwanza na familia, makazi yawe kimbilio la mwisho. Kwa hiyo mtu akiyakuta makazi yana shida, asikimbilie kumgombeza mhudumu. Mara nyingi huyo mhudumu ni mmoja, wazee ni kibao, na mshahara wake hautoshi hata kununua hizo fulana za staa.

Lakini kupima lazima kupimwe, na vipimo vyake havihitaji shahada. Cha kwanza ni usiku. Saa nane za usiku, mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa na nani? Mtu aliyelala upande mmoja kwa saa nyingi anaota vidonda mgongoni na kwenye nyonga, na vidonda hivyo vinaua. Mgeni anayekuja saa nne asubuhi hawezi kuviona, maana vimefunikwa na khanga mpya aliyoileta yeye.

Cha pili ni choo. Kiko umbali gani na kitanda? Kina mahali pa kushika? Bibi akiteleza usiku akavunjika nyonga, habari yake imekwisha. Cha tatu ni macho. Wazee wangapi wamekaa kizani kwa sababu ya mtoto wa jicho, tatizo linalotolewa kwa upasuaji mfupi tu, na wangapi wamepelekwa kupimwa mwaka huu? Cha nne ni meno. Mchele umefika, sawa, lakini asiye na meno anapikiwa uji wa nini, na mara ngapi kwa siku?

Cha tano ndicho kinachosahaulika kuliko vyote: jina. Mfanyakazi wa pale anamwita kila mzee kwa jina lake, anajua alitoka wapi, alikuwa fundi au mkunga, au wote ni "bibi" na "babu" tu? Mahali ambapo wazee wana majina, hata chakula kinapopungua, mtu hafi bila kuonekana.

Staa anayekuja na kamera angeuliza hayo matano kwa afisa mfawidhi wa makazi, akaandika majibu, video yake ingekuwa na faida. Nani amewahi kumsikia akiuliza?

SASA TWENDE HUKO ALIKOZALIWA

Hapa ndipo ukweli mchungu ulipo. Wengi wa mastaa hao wanajitangaza kwa asili. Kuna kundi zima linalojiita "watoto wa kusini", mmoja Masasi, mwingine Newala. Kwenye mahojiano wanasimulia walivyolelewa na bibi, walivyotembea peku, walivyokula chikandanga njiani wakienda shule. Vizuri sana. Sasa vile vipimo vitano visiishie kwenye makazi ya wazee. Vipandishwe juu Newala, vikaingie nyumbani kwa huyo bibi mwenyewe.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na maji yako chini. Tangu enzi za mkoloni watu wamehangaika kuyasukuma maji yapande mlima, na mpaka leo mji unategemea pampu zinazoyavuta kutoka chanzo cha Mitema kule bondeni Kitangari. Ndiyo maana nyumba nyingi zinakinga maji ya mvua ya bati na kuyahifadhi kwenye visima vilivyojengwa uani. Ikifika Oktoba, mvua bado, kisima kimekauka. Mwenye nguvu ananunua maji au anafuata ndoo. Bibi wa miaka 80 anaogeshwa na maji gani?

Na Oktoba ndio mwezi wenyewe. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Mwezi huohuo minada ya korosho inaanza. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani mzigo unapitia ushirika, TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mikorosho mingi inayozaa leo ilipandwa na hao wazee. Lakini kuna nyumba ambazo akaunti ina jina la babu, kadi na namba ya siri viko mfukoni kwa mjukuu. Pesa ikitoka inanunuliwa bodaboda, inanunuliwa sabufa, ukuta unatetemeka mtaa mzima. Babu anabaki na godoro lilelile la tangu msimu juzi.

Mapromota nao hawalali. Msimu wa korosho ni msimu wa shoo kusini. Staa anakuja Masasi, anajaza ukumbi, anapiga kelele "Kusini mpooo?", anachukua chake alfajiri anaondoka. Kwenda hapo Newala kumsalimia bibi ratiba inabana. Lakini mwezi mmoja baadaye ratiba hiyohiyo inapata nafasi ya kwenda kumlilia bibi wa watu wengine mbele ya kamera.

"LAKINI NATUMA PESA"

Utetezi wa kwanza unajulikana: anatuma. Kila mwezi, tena na ya kutolea. Hongera. Swali ni simu anayo nani. Bibi hasomi ujumbe, haoni hata kioo. Anayekwenda kwa wakala ni binti wa jirani au kijana wa nyumbani, na risiti ya kiasi gani kimefika kwa bibi haipo. Kutuma pesa bila mtu wa kuaminika wa kuipokea ni sawa na kumwaga maji kwenye pakacha.

Utetezi wa pili ni ule wa kujisifu: "Sisi Waafrika hatupeleki wazee kambini, hayo ni mambo ya Wazungu." Maneno matamu. Ila kumwacha mzee peke yake kwenye chumba cha uani, akipikiwa mtu akikumbuka, nako si Uafrika. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo unahesabiwa kwa mama, na mjomba ana deni kwa wapwa zake kama wapwa walivyo na deni kwake. Mjomba aliyesimama siku ya jando la kijana huyo, leo kapata kiharusi, kalala Masasi. Mpwa yuko mjini anakula bata. Hao wapwa ndio wanaosema makazi ya wazee ni aibu. Aibu ya nani?

Ukweli ni kwamba ziko nyumba za mastaa ambazo zikipimwa kwa vile vipimo vitano zitapata alama za chini kuliko makazi ya serikali. Kule makazini angalau kuna afisa anayepaswa kujibu maswali. Nyumbani hakuna anayemuuliza mtu.

Utetezi wa tatu ndio wenye uzito: wengine hawatoi hata hiyo sabuni, kwa nini asakamwe anayetoa? Kweli kabisa. Sabuni imefua, mchele umeliwa, na mhudumu amepumua wiki moja. Hakuna anayesema asipeleke. Kinachosemwa ni kwamba mwenye wafuasi laki kadhaa ana sauti kuliko mfuko wa mchele. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 pensheni ya Sh 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima. Bara hadi leo hakuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee. Staa gani amewahi kulipostia hilo? Wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure, lakini wakifika dirishani ni kawaida kuambiwa dawa hakuna, kanunue nje. Nani amesimama hapo na kamera yake?

Kwa hiyo safari ijayo magari yapakiwe tofauti. Kabla ya kununua chochote, ipigwe simu kwa mfawidhi kuuliza kinachohitajika; jibu laweza kuwa pampasi za watu wazima, magodoro, glavu, au nauli ya kuwapeleka wazee watano kupimwa macho. Bibi asipigwe picha akiwa hajui picha inakwenda wapi. Soda zibaki dukani. Na kabla ya hayo yote, msafara uanzie Newala. Staa aingie ndani, afunue shuka, atazame mgongo wa bibi yake mwenyewe, achungulie kisima kama kina maji, amuulize jana alikula nini na nani alimpa.

Akimaliza hapo bila kamera, ndipo akawatembelee wa wenzake.

Wadau, bibi au babu yako yuko wapi muda huu, na nani yuko naye? Uwanja ni wenu.