Sahihi ya Baba

Katika mdahalo wa darasa letu, kaka mmoja alisimama akasema kwamba mwanamke wa Kongo hana tena cha kudai. Sheria imekwisha badilishwa, alisema; kilichobaki ni kiburi cha wasichana waliosoma. Darasa likapiga makofi, muda ukaisha. Namjibu hapa.

Ni kweli sheria imebadilika. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano yanayomtaka atende jambo yeye mwenyewe; kuajiriwa, kwa mfano. Katiba ya 2006 ikakataza ubaguzi dhidi ya mwanamke, lakini ruhusa hiyo ilifutwa tarehe 15 Julai 2016 tu. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 29. Na kaka yangu hakusoma hadi mwisho, maana sheria hiyo hiyo bado inasema mume ndiye mkuu wa nyumba. Karani wa benki anasoma kifungu kipi?

Mama yangu anauza vitenge katika soko la Kadutu, Bukavu. Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya sheria mpya, alikwenda benki kuomba mkopo. Akaambiwa alete sahihi ya baba. Baba wakati huo alikuwa hana kazi mwaka wa pili; unga na karo zetu vilitoka katika vitenge hivyo. Alikataa. Hakusema mkopo ni mkubwa, wala riba ni kali. Alisema: "Ukipata pesa zako, utaniheshimu tena?"

Maana yake alijua vizuri kwamba heshima ile ilitegemea mama kukosa kitu.

Mama hakugombana. Alingoja zamu yake katika likelemba ya wanawake wenzake, akafungua meza ya pili kimyakimya. Wapo wanaosifu jambo hili: mwanamke mwerevu huongoza mume bila mume kujua. Mimi naichukia sifa hiyo. Kwa nini mtu apite mlango wa nyuma katika nyumba anayoilisha? Daftari la hesabu lilifichwa chini ya gunia la mchele, na siku baba alipoliona tulikwenda kulala kwa shangazi, siku nne.

(Sisi wa Kiswahili tumeandika mara ngapi kwamba mume huoa, mke huolewa? Ni mfano wa kauli ya kutendwa, simlaumu mwalimu. Lakini "oana" nalo limo katika kamusi.)

Sasa ninyi dada zangu, maana nanyi mlipiga makofi. Mnasema mtasoma, kisha atakayewaoa ataamua kama mtafanya kazi. Je, mnajua kwamba mbele ya ofisa wa serikali wachumba huchagua mali yao itakuwaje: kila mtu na yake, au kuchangia wanachochuma pamoja, au kuchangia vyote? Niliuliza bwenini kwetu. Alijua mmoja, naye baba yake ni wakili. Mahari tunaijadili miezi sita, na karatasi hii tunaitia sahihi bila kuisoma, tukitazama kamera.

Mama ana meza tatu leo. Fomu yangu ya chuo ilikuwa na nafasi ya sahihi ya "mkuu wa familia". Alitia yake.