Mteja wa Kwanza, Daftari Kwanza



Mabinti wanaoanza ubunifu wa mavazi hutuuliza: mteja mpya akija, tumwambie nini? Jibu letu ni kwamba msiwe wepesi wa kusema "hakuna shida". Maneno hayo yalituponza.

Tulipotoka Unguja kuwafuata waume zetu Tunduma, tulibeba cherehani mbili na mazoea ya nyumbani. Kwetu fundi ni jirani, mkikosana mnasuluhishana barazani. Tunduma ni mji wa mpakani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapita hapa na kuingia Nakonde, Zambia. Mteja wa asubuhi ni mwalimu kutoka Vwawa, wa mchana ni mama mkulima wa kahawa wa Mbozi, wa jioni kavuka mpaka na kwacha mkononi. Hamjuani kabisa.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilitoka Nakonde: magauni sita ya kitenge, ya harusi ya mdogo wake mteja. Akatuonyesha picha kwenye simu, tukasema hakuna shida. Akauliza bei, tukaona haya, tukasema tutaelewana. Akauliza siku, tukasema Ijumaa inshaallah. Ijumaa ikafika. Yeye alitaka mikono mirefu, sisi tumeshona mifupi. Yeye kahesabu kwa kwacha, sisi kwa shilingi. Akaacha nusu ya hela, akaondoka na machozi, na harusi ni kesho yake.

Kwa muda tulimlaumu yeye. Tulipokaa na nafsi zetu tukaona kosa lilikuwa letu.

Haya ni sehemu ya imani, hilo hatubishani. Lakini kushindwa kutaja bei ni woga tu uliovaa buibui. Na inshaallah ni neno zito, halikuwekwa liwe mlango wa kutorokea ahadi. Tazameni aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara. Inahusu kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Gauni lililolipiwa nusu ni deni. Wazee nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa mteja mpya tunamkaribisha, tunamkalisha, na daftari linafunguka kabla ya futi kamba. Tunamuuliza ni shughuli gani, siku gani, na katika picha ile amependa nini hasa: shingo, mikono au kiuno? Mara nyingi anapenda kitu kimoja tu. Tunachora mbele yake, hata kama mchoro hauvutii, naye anasahihisha. Tunapima kitambaa kama kinatosha. Vipimo vya mwili tunachukua nyuma ya pazia, kwa satara. Kisha tunataja bei, kwa shilingi au kwacha, tunapokea arbuni, tunaandika siku mbili kabla ya shughuli. Mabaki ya kitambaa tunamwambia ni mali yake. Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na fundi anaishi kwa vipimo.

Wapo wanaosema maswali mengi yanamfukuza mteja. Ni kweli, wawili walikwenda kwa jirani, na wiki ile mfuko uliuma. Lakini mteja anayekasirika kuulizwa tarehe leo, atakasirika zaidi siku ya kuchukua nguo.

Na wewe unayeanza, usione vibaya kusema "mshono huu sijauweza bado". Siku ile ya Nakonde, neno hilo moja lingemwokoa bibi mmoja na machozi yake. Ahadi ni deni, na deni la siku ya furaha ya mtu halilipiki kwa kurudisha hela.

Allah atubarikie mikono yetu. Amin.